Kila Bano na Mwenzake

Akina mama na akina baba wa madarasa ya Musoma, Bunda na Butiama, wekeni madaftari tayari. Someni polepole pamoja nami, na mahali pagumu mwalimu wenu wa darasa atawasaidia.

Leo tutasoma habari za alama mbili ndogo. Ya kwanza ni hii: ( na ya pili ni hii: ). Huitwa mabano. La kwanza ni bano la kufungua, na la pili ni bano la kufunga. Tutaona yalitoka wapi, na jinsi kompyuta ilivyofundishwa kuyaonyesha mawili mawili.

Kwanza, kazi yake. Mabano ni kama boma la ng'ombe: vilivyomo ndani huhesabiwa pamoja. Mkoa wenu wa Mara ulikuwa mmoja wa mikoa minne ya ziwa iliyoanza kisomo chenye manufaa mwaka 1968. Shabaha yake ilikuwa mtu asome apate faida katika kazi yake. Basi na tutazame hesabu ya kazi. Tuseme mnapeleka magunia 10 kutoka Bunda mpaka Musoma. Kila gunia hulipiwa shilingi 3,000 za gari na shilingi 500 za wapakiaji. Huandikwa hivi:

10 × (3,000 + 500) = 35,000

Sasa futeni mabano:

10 × 3,000 + 500 = 30,500

Tarakimu ni zile zile, lakini shilingi 4,500 zimepotea. Wapakiaji watalipwa gunia moja badala ya magunia kumi. Na kama karani ameandika bano la kufungua akasahau la kufunga, msomaji hajui boma linaishia wapi. Mmoja atasema hivi, na mwingine vile, na ugomvi utaanza.

Sasa tusikie historia. Mabano yalitumika katika maandishi ya Ulaya kabla ya kutumika katika hesabu. Erasmus, mwanachuoni Mholanzi aliyefariki mwaka 1536, aliyapa mabano ya mviringo jina la Kilatini lenye maana ya miezi midogo, kwa kuwa yafanana na mwezi mwandamo. Mwaka 1556 Tartaglia, Mwitalia, aliyatumia katika kitabu chake cha hesabu. Kwa miaka mia nne hivi, kazi ya kutafuta bano na mwenzake ilikuwa ya jicho la msomaji peke yake.

Kisha zikaja kompyuta. Kompyuta hufanya kazi kwa kufuata maagizo yaliyoandikwa na mtu. Mwaka 1958 John McCarthy, Mmarekani, alianza kutengeneza lugha ya kuandikia maagizo hayo, iitwayo Lisp. Katika lugha hiyo karibu kila agizo huwekwa ndani ya mabano, tena mabano ndani ya mabano. Bano moja likikosa mwenzake, kompyuta haiwezi kujua agizo limeishia wapi, na kazi yote husimama. Jicho la mwandishi lilichoka kuhesabu.

Ndipo watu wakatafuta msaada katika programu za kuandikia. Mwaka 1976 Bill Joy, wa Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, alianza kuandika programu iitwayo vi. Katika vi, mwandishi akisimama juu ya bano na kubonyeza alama ya asilimia, huruka mara moja mpaka kwa mwenzake.

Programu hiyo ilizaa nyingine, na hapa historia inafika karibu na ziwa letu. Mholanzi Bram Moolenaar alitoa programu ya Vim mwaka 1991. Mwaka 1994 alifanya kazi ya kujitolea kwa mwaka mmoja katika Kituo cha Watoto cha Kibaale, kusini mwa Uganda, karibu na mpaka wa Tanzania. Alikuwa fundi wa maji na usafi. Eneo hilo la Rakai, ng'ambo ya magharibi ya ziwa ukitazama kutoka Musoma, lilikuwa limepigwa sana na UKIMWI, na watoto wengi walibaki yatima. Moolenaar aliitoa Vim bure, ila ndani yake aliweka maneno ya kuwaomba watumiaji wawasaidie watoto wa Uganda. Toleo la 7, la mwaka 2006, lilianza kuonyesha mabano kwa rangi bila kuombwa: ukisimama juu ya moja, yote mawili hubadilika rangi. Moolenaar alifariki tarehe 3 Agosti 2023.

Je, kompyuta humjuaje mwenzake? Huhesabu. Tazameni hapa:

2 × (5 + (4 − 1))

Anzeni na sifuri. Kila bano la kufungua, ongezeni moja. Kila bano la kufunga, toeni moja. Mtasema: moja, mbili, moja, sifuri. Mkifika sifuri, bano la kwanza limepata mwenzake. Mkimaliza mstari na bado mna moja mkononi, kuna bano lililoachwa wazi. Kazi hii mwaweza kuifanya kwa kidole na kalamu, bila mashine yoyote.

Lakini jihadharini. Rangi yaonyesha tu kwamba jozi imetimia. Karani akifunga mabano yake mahali pasipofaa, kompyuta itayatia rangi vile vile, na wapakiaji watapunjwa. Maana ya hesabu yataka mtu aisome.

Maswali ya darasani

1. Kwa nini shilingi 4,500 zilipotea?
2. Moolenaar alifanya kazi gani Kibaale mwaka 1994?
3. Hesabuni mabano haya: 6 × (3 + (8 − 2). Mmebakiwa na ngapi? Bano linalokosekana mngeliweka wapi, na kwa nini?

Jibuni swali la tatu kwa kushauriana wawili wawili. Kwaherini.