China: Ukomo wa hedhi kati ya heshima na ukimya

Kwa Kichina, kipindi ambacho hedhi ya mwanamke hukoma huitwa gengnianqi, maana yake kipindi cha kubadilika kwa miaka. Hata hivyo, katika mazungumzo ya kila siku neno hilo limegeuka kuwa kejeli. Mwanamke wa makamo anayekasirika, hata kwa sababu ya haki, huweza kuambiwa kwamba hiyo ni gengnianqi tu. Wengi huona ni afadhali kunyamaza.

Tiba ya jadi haikukitazama kipindi hiki kama aibu. Huangdi Neijing, kitabu cha utabibu chenye umri wa takriban miaka 2,000, kinayagawa maisha ya mwanamke katika vipindi vya miaka saba saba: hedhi huanza akiwa na miaka 14 na hukoma afikapo 49. Matabibu wa jadi hueleza kwamba nguvu za figo hupungua na uwiano wa yin na yang huvurugika. Kwa hiyo hutumia mitishamba, sindano za jadi na vyakula maalumu kurejesha uwiano huo.

Mtazamo huo huwaondolea wanawake hofu ya kujiona wagonjwa, lakini pia huwafanya wengi waamini kwamba jambo la maumbile ni la kuvumiliwa. Joto la ghafla, jasho la usiku, kukosa usingizi na maumivu ya viungo hubaki siri ya nyumbani. Tiba ya homoni hutumiwa na wachache, kwa kuhofia saratani na unene. Hofu hiyo ilienea duniani baada ya utafiti mkubwa wa Marekani kusimamishwa kwa sehemu mwaka 2002. Leo wataalamu wengi wanasema kwamba kwa wanawake wenye afya njema walio chini ya miaka 60, wanaosumbuliwa na dalili, faida za tiba hiyo kwa kawaida huzidi madhara yake.

Katika familia, umri humpa mwanamke heshima ya mama mkwe na bibi. Heshima hiyo huja na majukumu: kulea wajukuu na kuwauguza wazazi wazee, bila nafasi kubwa ya kulalamika.

Sasa kazi nayo inabadilika. Kwa miongo kadhaa, wafanyakazi wanawake wa viwandani walistaafu wakiwa na miaka 50 na wa ofisini 55. Tangu Januari 2025, umri huo unapandishwa hatua kwa hatua kwa miaka 15, hadi 55 na 58. Wanawake wengi zaidi watapitia mabadiliko haya wakiwa kazini.

Hapo ndipo ukimya unapokuwa na gharama. Hedhi huhesabiwa kuwa imekoma baada ya miezi 12 mfululizo bila damu. Damu ikitoka baada ya hapo, uchunguzi wa daktari ni wa lazima, kwani huenda ikawa dalili ya saratani ya mji wa mimba.