Rabi wa Nabugoye: Uongozi Uliotangulia Cheti

Tarehe 11 Aprili 1979, Jeshi la Wananchi wa Tanzania na wapiganaji wa Uganda waliitwaa Kampala. Jioni hiyohiyo Wayahudi duniani kote walianza Pasaka, sikukuu ya kukumbuka kutoka utumwani Misri. Kwa Abayudaya, Wayahudi wa vijiji vya jirani na Mbale, matukio hayo mawili yalikuwa ukombozi mmoja. Kwa miaka minane Idi Amin, mtawala wa Uganda aliyeng'olewa siku hiyo, alikuwa amepiga marufuku dini yao na kufunga masinagogi. Wengi waliingia Ukristo au Uislamu ili wasalimike.

Gershom Sizomu alikulia katika hofu hiyo. Baba yake aliwahi kukamatwa kwa kujenga kibanda cha Sikukuu ya Vibanda, na ikabidi wenzake watoe mbuzi ndipo aachiwe. Leo Sizomu ni rabi mwenye sifa ya kimataifa, na wengi huanza kusimulia habari zake Los Angeles alikosomea. Makala haya yanadai kwamba chanzo cha mamlaka yake ni Nabugoye, kilima cha nyumbani kwao, na kwamba shahada ilikuja kuthibitisha kilichokwisha kujengwa.

Mwanzilishi wa jumuiya ya Abayudaya ni Semei Kakungulu, jemadari wa Buganda aliyewasaidia Waingereza kuitiisha Uganda ya mashariki. Walipomnyima madaraka aliyoyatarajia, aliachana nao, akajiunga na Wamalaki, madhehebu yaliyokataa dawa za hospitali. Kwa kuisoma Biblia ya Kiganda, alishikilia kwamba sheria za Musa zingali na nguvu. Mwaka 1919 alitahiriwa pamoja na wanawe, na mwaka 1922 akachapisha kitabu cha kanuni na sala kwa Kiganda. Alifariki mwaka 1928, na wazee kama Samson Mugombe, babu yake Sizomu, wakaendeleza kazi.

Amin alipoondoka walibaki waumini wapatao 300. Miaka ya 1980 vijana, Sizomu akiwa mmoja wao, walikaa pamoja Nabugoye kwa mfano wa kibutzi, yaani makazi ya ujamaa ya Israel, wakifufua ibada na nyimbo za Kiganda na Kiebrania. Ni baada ya hapo tu ndipo marabi wa Marekani walipofika, mwaka 2002, kuwapokea rasmi mamia yao. Sizomu akaenda kusoma Ziegler School of Rabbinic Studies huko Los Angeles, akapewa urabi mwaka 2008, na akarudi nyumbani.

Alichofanya baada ya kurudi ndicho kinachompambanua. Kituo cha afya kilifunguliwa Mbale, vyandarua vikagawiwa, na shule za jumuiya zikaendelea kupokea watoto wa Kiyahudi, Kikristo na Kiislamu pamoja. Mwaka 2016 wapigakura wa Bungokho Kaskazini walimpeleka bungeni. Abayudaya wote ni kama 2,000 tu. Kura nyingi zilizompa ushindi zilitoka kwa Wakristo na Waislamu.

Msomaji wa Kidatu au Ifakara, katika Bonde la Kilombero nchini Tanzania, anaufahamu uhusiano huo wa madhabahu na zahanati. Hospitali ya Mtakatifu Fransisko ya Ifakara ilitokana na kazi ya Wakapuchini wa Uswisi, na miaka ya 1990 wilaya za Kilombero na Ulanga zilikuwa mstari wa mbele katika kampeni ya vyandarua vyenye dawa. Lakini katika bonde hilo imani na taasisi zake zililetwa na wamisionari. Nabugoye, imani ilichipuka kwa wenyeji, na wageni wakaitwa baadaye kusaidia.

Wapo watakaosema kwamba bila wafadhili wa Marekani kazi hii isingefika mbali. Fedha zao zimejenga mengi, hilo halipingiki. Hata hivyo, jumuiya ilidumu takriban miaka 60, ikavuka na utawala wa Amin, kabla ya fedha hizo. Wengine watataja Israel, ambako mwaka 2021 Mahakama ya Juu ilikataa ombi la Myahudi mmoja wa Uganda la kuhamia huko. Uamuzi huo ulihusu haki ya uhamiaji. Haukuondoa ibada ya Sabato Nabugoye, wala imani ya majirani kwa rabi wao.

Vyuo vyetu bado hufundisha historia ya dini Afrika Mashariki kana kwamba kuna Ukristo, Uislamu na dini za jadi peke yake. Abayudaya wamekuwapo tangu 1919. Waandaaji wa mitaala wawape nafasi yao, na watafiti vijana waende Mbale wakawasikilize wazee wakiwa bado hai.