Ugali wa Dar na Tunutu wa Bonde la Rukwa

Ukitaja Sumbawanga mbele ya vijana wenzangu wa hapa Dar, neno la pili litakalotajwa ni uchawi. Utaulizwa kama kweli huko watu wanarushiana radi, na kama ulikuja mjini kwa basi au kwa ungo. Mimi kwetu ni Mollo, nimeshazoea. Siku hizi nacheka nao, kisha nawauliza swali moja tu: unga mlioupika jana ulitoka wapi?

Nauliza kwa sababu Rukwa imetajwa kwa miaka mingi pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma kama mikoa inayoilisha nchi hii. Ukipita Mollo wakati wa mavuno unaliona jambo hilo kwa macho: magunia, matrela, barabara yenye vumbi na mahindi yakisubiri kupelekwa mjini. Lakini leo sitaki kuzungumzia bei ya mahindi. Nataka tuzungumze juu ya mdudu anayezaliwa chini ya ukingo wa uwanda wetu, ambaye kwa karibu miaka mia moja amekuwa na uwezo wa kuamua kama magunia hayo yatajaa au hayatajaa. Pia juu ya sayansi iliyotumika kumzuia, na kwa nini nadhani tumeielewa nusu tu.

Kwanza jiografia kidogo. Uwanda wa Ufipa uko juu, Sumbawanga ikiwa karibu mita 1,800 kutoka usawa wa bahari. Upande wa mashariki ardhi inakatika ghafla kwenye ukingo unaoitwa Lyamba lya Mfipa, unashuka karibu mita elfu moja, na huko chini kuna joto, nyasi ndefu, mbuga zinazofurika na Ziwa Rukwa. Ziwa hili halina mto unaotoa maji nje. Mvua ikiwa nyingi linatanuka, ikipungua linarudi nyuma na kuacha mbuga tupu zinazoota nyasi. Kwako na kwangu hiyo ni mandhari nzuri. Kwa nzige mwekundu ni hospitali ya wazazi.

Nzige mwekundu huzaa mara moja kwa mwaka. Jike hutaga mvua za kwanza zinapoanza, mayai yanaanguliwa, na wanatoka watoto wasio na mabawa ambao Waswahili wanawaita tunutu. Tunutu hawaruki, wanatembea na kurukaruka wakila nyasi. Baada ya wiki kadhaa wanaota mabawa, na hapo ndipo shida inapopanda ngazi.

Mwaka 1930 shida hiyo ilipanda kweli. Lilianza baa la nzige wekundu lililodumu hadi 1944, likaenea sehemu kubwa ya Afrika iliyo kusini mwa Ikweta. Fikiria miaka kumi na minne! Mtoto aliyezaliwa baa likianza alikuwa kijana wa kushika jembe lilipokwisha. Serikali za kikoloni zilipambana kwa walichokuwa nacho. Watu walipiga madebe, walichimba mitaro na kuwafukia tunutu humo, na wataalamu walitega pumba zilizochanganywa na aseniki, sumu ambayo haichagui kati ya nzige, kuku na mbuzi.

Wakati huohuo sayansi ilikuwa imeshagundua jambo kubwa. Mwaka 1921 mtafiti Mrusi aliyekuwa akifanya kazi London, Boris Uvarov, alichapisha hoja kwamba nzige mpweke na nzige wa kundi, waliodhaniwa kuwa wadudu wa aina mbili, ni mdudu mmoja. Wakiwa wachache, kila mmoja anakaa kivyake. Wakisongamana wanabadilika rangi na tabia, wanaanza kwenda pamoja kama jeshi. Maana yake kwa watu wa kawaida ni hii: baa la nzige halianguki kutoka mbinguni. Lina mahali linapoanzia, na mahali hapo wadudu husongamana kwanza.

Watafiti wakaanza kutafuta mahali hapo. Waligundua kuwa mazalia ya nzige wekundu ni machache tu katika bara zima. Mawili makubwa yalikuwa mabwawa ya Mweru wa Ntipa, nchi ambayo leo ni Zambia, na bonde letu la Rukwa. Baadaye yalitambuliwa mengine, na Tanzania ikajikuta na sehemu nne: Rukwa, Iku-Katavi, Malagarasi na Wembere. Jirani yako mwenye dhihaka za radi hajui kwamba hatari ya kweli kutoka Rukwa ina miguu sita.

Mwaka 1949 likaundwa shirika la kimataifa la kudhibiti nzige wekundu, makao yake yakiwa Abercorn, mji ambao sasa unaitwa Mbala, ng'ambo tu ya mpaka kutoka kwetu. Kazi yake ilikuwa moja: kukaa karibu na mazalia na kuwaua wadudu kabla hawajatoka. Miaka ya 1950 ndege zilipita juu ya bonde la Rukwa zikimwaga DNOC, kemikali ya rangi ya manjano. Duniani kote ikaja pia dieldrini, ambayo ilisifiwa sana kwa sababu ukiimwaga mara moja inabaki kwenye majani kwa wiki nyingi ikisubiri tunutu wapite.

Nataka tusiwe wepesi wa kulaumu. Mbinu ile ilifanya kazi. Tangu 1944 hakujatokea tena baa la nzige wekundu la kuenea nchi nyingi kama lile. Wazee wetu walikula kwa sababu ya kazi ile.

Lakini sifa ya dieldrini ndiyo iliyokuwa laana yake. Kitu kinachokaa muda mrefu kwenye majani kinakaa pia kwenye udongo, kwenye maji, na kwenye mafuta ya mwili wa samaki, ndege na binadamu. Mkataba wa Stockholm wa 2001 uliiweka kwenye orodha ya sumu 12 za kwanza zilizotakiwa kuondolewa duniani. Ukitaka kuona maana ya sumu isiyoondoka huna haja ya kwenda mbali, nenda Vikuge, Kibaha. Mwaka 1986 shamba la serikali pale lilipokea shehena ya viuatilifu kutoka Ugiriki, vingine vikiwa vimepitwa na wakati. Mwaka 2004, karibu miaka ishirini baadaye, wanakemia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba mabaki ya DDT bado yalikuwa kwenye udongo na mimea ya shamba lile. Miaka ishirini, na nyasi zinaota juu yake!

Nilimweleza bibi yangu habari hizi siku moja tukiwa Mollo, yeye akichambua maharage. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Mjukuu wangu, huko chini ndiko wanakotoka samaki tunaokula. Mkimwaga sumu mkaokoa mahindi, mboga tutakula nini?" Nilikuwa nimesoma makala nyingi juu ya suala hili, na hakuna iliyoliweka vizuri hivyo.

Jibu la swali la bibi lilianza kutafutwa mbali na Ufipa. Nzige wa jangwani walipoivamia Afrika kati ya 1986 na 1989, zilimwagwa dawa nyingi mno hata wafadhili wenyewe wakashtuka. Mwaka 1989 ukaanzishwa mradi wa utafiti ulioitwa LUBILOSA, ukiunganisha wanasayansi wa Uingereza, wa Niger na wa taasisi ya kilimo cha tropiki, IITA, iliyo na kituo Cotonou, Benin. Walichokuwa wakitafuta ni ugonjwa wa nzige.

Waliupata kwenye kuvu inayoitwa Metarhizium. Chembe zake ni ndogo kama vumbi. Zikimtua nzige zinaota juu ya gamba lake, zinapenya ndani na kumla taratibu. Nzige anapoteza hamu ya kula, anadhoofika, na kufa kati ya wiki moja na tatu. Aina iliyochaguliwa inawadhuru nzige na jamaa zao wa karibu, haina habari na samaki, kiboko wala binadamu. Tatizo lilikuwa kwamba kuvu kwa kawaida inataka unyevu mwingi, na nzige wengi wanaishi penye ukame. Ufumbuzi wao ulikuwa rahisi hadi unachekesha: badala ya kuchanganya chembe zile na maji, walizichanganya na mafuta. Ndani ya mafuta zinaweza kuota hata hewa ikiwa kavu. Dawa iliyotokana na kazi hiyo ilipewa jina la Green Muscle.

Sasa turudi nyumbani. Mwaka 2009 nzige wekundu waliongezeka kwa kutisha katika mazalia ya Tanzania. Sehemu moja iliyovamiwa ilikuwa ndani ya Hifadhi ya Katavi, ambayo wakati ule ilikuwa bado mkoa wa Rukwa, kabla Katavi haijawa mkoa wake mwaka 2012. Katavi ni hifadhi ya viboko na mamba. Nani angethubutu kumwaga sumu kali juu ya maji yale? Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, likishirikiana na shirika la nzige wekundu, ambalo sasa makao yake yako Ndola, likaamua kutumia kuvu. Kiasi cha hekta 10,000 zilinyunyiziwa katika Iku-Katavi, mbuga za Ziwa Rukwa na bonde la Malagarasi. FAO ilitangaza mwezi Juni mwaka ule kwamba janga limezuiwa, na kwamba ilikuwa mara ya kwanza dawa ya aina hiyo kutumika dhidi ya nzige kwa kiwango kikubwa namna hiyo barani. Ndiyo, wadau, ni huku kwetu kwa "wachawi" jambo hilo lilifanyika.

Hapo ndipo makala nyingi za teknolojia ya kijani huishia: tatizo, uvumbuzi, makofi. Mimi nadhani tukiishia hapo tumekosa somo.

Kuvu ina tabia moja ambayo sumu haina: ni ya polepole. Watafiti wamegundua pia kwamba nzige mgonjwa huota jua ili kupandisha joto la mwili wake, kama mtu mwenye homa, na joto hilo huchelewesha kuvu. Kwa hiyo ukisubiri hadi kundi limepanda Lyamba lya Mfipa na limeshatua kwenye mahindi ya Mollo, kuvu haitakusaidia. Nzige ataambukizwa leo na kuendelea kula shamba lako siku kadhaa kabla ya kufa. Kuvu inataka ufike mapema, wakati tunutu bado wako chini kwenye nyasi, hawana mabawa, na hakuna gazeti linalowaandika.

Kwa maneno mengine, sumu humsamehe mzembe, kuvu haimsamehe. Ukichelewa, utarudia sumu. Tuliyaona hayo nzige wa jangwani walipovamia Pembe ya Afrika mwaka 2020. Somalia ilitumia kuvu kwa eneo kubwa, lakini Kenya, ambako makundi yalikuwa tayari angani, ilitegemea zaidi dawa za kemikali. Mapema 2021 baadhi ya makundi yale yalivuka hadi Kilimanjaro na Manyara.

Kufika mapema nako kuna gharama yake, na si ya maabara. Kunataka mtu wa kwenda bondeni kila mwaka kuhesabu wadudu hata mwaka ambao hakuna wadudu. Kunataka gari lenye mafuta, ndege inayoruka, ghala linalotunza chembe za kuvu zisife kwa joto. Kunataka Tanzania, Zambia, Kenya, Malawi na wenzao kulipa michango yao kwa wakati, jambo ambalo limekuwa likisuasua. Hakuna waziri anayekata utepe kwa kuzindua nzige ambao hawakuja. Ndiyo maana kazi hii huwa ya kwanza kusahauliwa bajeti inapobana.

Kwa hiyo ukisikia tena habari za teknolojia ya kijani, iwe ya nzige, ya nishati au ya maji, usiulize tu kama imegunduliwa. Uliza nani atakuwa bondeni mwezi wa Januari, matope yakiwa magotini, akihesabu tunutu. Na usiku ukisonga ugali wako pale Sinza au Kinondoni, kumbuka kwamba kuna mwaka huo mtu alikwenda, alihesabu, na alifika kabla hawajaota mabawa.