Maradhi ya Kucheka

Katika wilaya ya Muleba, ambamo Buganguzi, Nshamba na Kashasha ni kata zilizoshirikiana migomba, kahawa na lugha moja, ilizuka kadhia iliyokuja kusafiri dunia nzima, na kila ilipotua ikapungukiwa neno. Ughaibuni aghalabu husimuliwa kama hikaya ya kuchekesha: ati mwaka 1962 wasichana wa shule walitaniana, wakacheka, na kicheko kikaambukiza vijiji, watu wasiweze kunyamaza miezi na miezi.

Matabibu Rankin na Philip, waliotoa taarifa yao mwaka 1963, waliandika mengine kabisa. Tarehe 30 Januari 1962, hata miezi miwili haijatimia tangu Tanganyika ijipatie uhuru wake, walishikwa wasichana watatu wa shule ya bweni ya misheni pale Kashasha. Na kufikia 18 Machi, shule ilipofungwa, walikwisha kushikwa 95 kati ya 159, ilhali mwalimu hata mmoja hakuguswa. Kicheko kilichanganyika na kilio, kikatulia, kikarejea. Wengine waliingiwa na hofu ya kufuatwa na mtu wasiyemwona, wakapambana na kila aliyejaribu kuwazuia. Wakarudishwa makwao, na maradhi nayo yakasafiri: Nshamba peke yake, katika Aprili na Mei, yaliwapata watu 217. Damu ilipimwa, chakula kikachunguzwa, sumu isionekane. Shule ilipofunguliwa tena 21 Mei wakashikwa wasichana 57, na mwisho wa Juni milango ikafungwa mara ya pili.

Wenyeji walikuwa na jina lao, nao matabibu wakalinakili: enwara yokusheka. Neno la kwanza ni maradhi, la pili ni kucheka. Wasimulizi wa mbali walilichukua la pili wakaliacha la kwanza, na kwa upungufu huo mdogo watoto waliokuwa wakilia kwa hofu wakageuzwa wachekeshaji. Naungama kwamba nami, nilipoisikia riwaya hiyo mara ya kwanza, nilicheka.

Mwaka 2007 mtaalamu wa lugha Christian Hempelmann aliirejea taarifa ile ya kale, akakana kuwa mzaha ndio uliokuwa asili ya jambo. Kwake ilikuwa dhiki ya nafsi iliyotafuta pa kutokea. Alichokifikia baada ya miaka 45 ndicho walichokwisha kukitamka wenyeji tangu siku zile katika neno lile moja lililoachwa njiani. Na jina la pili walikuwa nalo, akajanja, yaani wazimu. Hilo halikusafiri kabisa.