Ua Ulioanza na Kupe

Tarehe 7 Machi 1996, mfugaji Warner Glenn alikuwa juu ya baghala wake katika milima ya Peloncillo, pale Arizona inapopakana na New Mexico, akiwafuata mbwa walionusa nyayo za puma. Alipowafikia, mbwa walikuwa wamemzingira mnyama juu ya jabali, naye hakuwa puma. Alikuwa na madoa. Glenn akatoa kamera badala ya bunduki, akapiga picha, akawavuta mbwa nyuma na kumwacha mnyama aende zake. Hizo ndizo picha za kwanza kupigwa za jagwa aliye hai porini nchini Marekani.

Jagwa ndiye paka mkubwa kuliko wote katika bara la Amerika. Kwa mbali ungemdhania chui wetu. Mkaribie kwa jicho la kamera, utaona kichwa kipana zaidi, na ndani ya pete zake nyeusi mna vidoa ambavyo chui hana. Hakuna jagwa wawili wenye madoa yaliyopangika sawasawa, na jambo hilo tutalihitaji mbele kidogo.

Mpaka wa Marekani na Mexico ulichorwa kwa mkataba wa mwaka 1848, ukasogezwa kusini kwa ununuzi wa ardhi wa mwaka 1853. Kwa miongo mingi alama zake nyikani zilikuwa nguzo tu, moja huku na nyingine kule, na katikati yake nyasi, mawe na miti ya dungusi. Jagwa aliyezaliwa Sonora, upande wa Mexico, alivuka akitaka na kurudi akitaka. Bunduki ndiyo iliyoutangulia ukuta. Wafugaji wa ng'ombe waliwaua jagwa kwa risasi na sumu, na tangu mwaka 1915 serikali kuu nayo ikaajiri wawindaji wa kuwamaliza wanyama wala nyama. Jike wa mwisho kujulikana Arizona aliuawa mwaka 1963. Jimbo hilo lilipiga marufuku kuwinda jagwa mwaka 1969, yaani baada ya kubaki bila jike hata mmoja.

Ua wenyewe uliletwa na kupe. Mwishoni mwa karne ya 19 wanasayansi wa Marekani walithibitisha kwamba homa iliyokuwa ikiteketeza ng'ombe huenezwa na mdudu huyo, jambo ambalo mfugaji yeyote wa kwetu anayepeleka mifugo joshoni hahitaji kuelezwa. Basi kati ya mwaka 1909 na 1911 idara ya serikali ya mifugo ikajenga uzio mpakani mwa California, ng'ombe wa Mexico wasije na kupe wao. Ulikuwa uzio wa waya. Ng'ombe husimama mbele ya waya. Paka hulala chini, akajivuta, akapita.

Ilichukua muda mrefu kabla ya ua kulenga watu badala ya mifugo. Miaka ya 1990 miji ya mpakani iliwekewa mabati mazito ya chuma, mabaki ya viwanja vya ndege vya kijeshi vya enzi za vita vya Vietnam. Kisha mwaka 2006 Rais George W. Bush akatia saini sheria ya kujenga mamia ya kilomita za uzio. Hapa sharti tutofautishe. Sehemu kubwa ya milimani iliwekewa vizuizi vya magari tu, vyuma vilivyopishana kama herufi X, ambavyo mnyama huinama akapita. Kati ya mwaka 2017 na mwanzoni mwa 2021 vingi viling'olewa, zikasimamishwa nguzo za chuma zenye urefu wa mita 9, nafasi kati ya nguzo na nguzo ikiwa sentimita 10. Mjusi atapita, na sungura. Kichwa cha jagwa hakiingii.

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Jagwa aliingizwa katika orodha ya wanyama walio hatarini kutoweka nchini Marekani mwaka 1997. Mwaka 2005 ikapitishwa sheria inayomruhusu waziri wa usalama wa ndani kuweka kando sheria nyingine, hiyo ya wanyama ikiwemo, ili ujenzi wa mpakani usikwame. Ulinzi aliopewa jagwa ukawa unakoma mahali pale pale alipouhitaji.

Mwaka 2011 jagwa dume alionekana kusini mwa Arizona, na kamera za kutega zikaendelea kumnasa katika milima ya Santa Rita, karibu na Tucson, hadi mwaka 2015. Wanafunzi wa mji huo walimpa jina El Jefe, yaani Mkuu. Kisha akapotea. Novemba 2021 kamera moja huko Sonora ikapiga picha ya dume mzee. Wataalamu walipolinganisha madoa, doa kwa doa, wakamkuta ni yeye.

Tangu picha za Glenn, kila jagwa aliyetambulika jinsia yake nchini Marekani amekuwa dume. Dume kijana hutembea mbali kutafuta eneo lake. Jike hukaa karibu na alikozaliwa, akisogea kidogo kidogo, kizazi baada ya kizazi. Majike wa karibu wanaozaa wako Sonora, kiasi cha kilomita 200 kusini mwa mpaka. Wakifika, watafika polepole, na njia inapaswa kuwa wazi kwa miaka mingi.

Moja ya njia hizo ni bonde la San Rafael, nyasi tupu zilizozungukwa na milima, lililobaki na vizuizi vya magari tu. Mwaka 2022 gavana wa Arizona alianza kupanga humo makontena ya mizigo, moja juu ya jingine, kama ukuta. Wananchi wakaenda kukaa mbele ya mashine, kazi ikasimama, makontena yakaondolewa. Juni 2025 serikali kuu ikatoa mkataba wa dola milioni 309 wa kujenga kilomita 43 za ukuta, ukikatiza bonde hilo hilo.