Ganda la Tembe na Mwanga Usioonekana

Kuna tembe zinazovikwa ganda ili dawa ivuke asidi ya tumbo na kuyeyukia utumboni. Ganda likiwa jembamba mno, dawa huharibika njiani. Kwa miaka mingi viwanda vilitoa sampuli na kuzipima uzito.

Mwaka 1800 huko Uingereza, William Herschel alikuta kipimajoto kikipanda kando ya rangi nyekundu ya mwanga wa jua, pasipoonekana kitu. Hiyo ndiyo infraredi. Miaka ya 1960, Karl Norris wa Idara ya Kilimo ya Marekani akaitumia kupima unyevu wa nafaka. (Naam, nafaka kabla ya dawa!) Mwaka 2004, mamlaka ya dawa ya huko, FDA, ikahimiza vipimo vifanywe uzalishaji ukiendelea.

Tembe humulikwa zikizunguka mashineni. Ganda linavyonenepa, ishara ya dawa iliyo ndani hufifia. Mimi navutiwa na programu: hufunzwa kwanza kwa tembe ambazo unene wake unajulikana, ndipo ikadirie maikromita.