Muumano wa Meno na Mkao wa Mwili

Mpagazi wa Kinyamwezi aliyetoka Tabora kwenda Bagamoyo na pembe ya ndovu alikuwa amebeba jino. Biashara ililiita pembe, lakini ni jino la mbele la taya la juu, linaloendelea kukua maisha yote ya mnyama. Mzigo wa kawaida ulikuwa frasila mbili hivi, kama kilo 32. Pembe kubwa mno ilifungwa kwenye mti ikabebwa mzegazega. Watu wa pwani walipenda kubeba kichwani, Wanyamwezi begani, na begani shingo hulazimika kuupisha mzigo.

Shingo ikipinda, taya la chini halibaki palepale. Keti wima, gonganisha meno taratibu. Sasa tazama darini, ugonganishe tena: yanakutana nyuma kidogo ya pale pa mwanzo.

Kinachobadilika hapo wengi hukiita “mpangilio wa meno”, na ndipo kosa linapoanzia. Mpangilio ni jinsi meno yalivyojipanga kwenye ufizi: yamebanana, yamepishana, yana mwanya. Ukitazama dari, mpangilio haujagusika. Kilichohama ni namna meno ya juu yanavyokutana na ya chini, nami naona neno lake liwe muumano, kwa sababu hakuna jino linaloumana peke yake. Edward Angle wa Marekani alipogawa kasoro za meno katika madaraja matatu mwaka 1899, alipima muumano: magego ya kwanza ya juu yanakaaje juu ya yale ya chini.

Tofauti hiyo ilionekana kwa Wanyamwezi pia. Richard Burton, msafiri Mwingereza aliyefika Kazeh, Tabora ya leo, mwaka 1857, aliandika kwamba Wanyamwezi walichonga kona za ndani za meno mawili ya mbele ya juu. Sura ilibadilika, naam. Magego yaliumana kama zamani.

Kuchanganya mpangilio na muumano kuna gharama. Wapo wanaoahidiwa kwamba nyaya za meno zitamaliza maumivu ya mgongo. Tafiti zimeona uhusiano wa hapa na pale kati ya muumano na mkao wa mwili, mara nyingi mdogo, na hazijathibitisha kwamba kunyoosha meno hunyoosha uti wa mgongo. Athari ya shingo kwa taya iko wazi zaidi kuliko ya taya kwa mgongo.

Lipo jambo moja ambalo taya huufanyia mwili mzima. Daktari anapogonga goti kwa nyundo na mguu usiruke vizuri, huweza kumwambia mgonjwa akaze meno, na mguu huruka zaidi. Hata wa mwenye meno yaliyopishana huruka.